Meno Yenye Waya, Bingwa Yuko Mbali

Mtu aliyetoka kufungwa waya za meno hurudi nyumbani na kinywa kigeni. Meno yaliyokuwa laini sasa yamegandishwa vishikizi vidogo vya chuma au vya kauri, kila kimoja na mabawa yake, na juu yake unapita waya uliobanwa kwa vimpira. Hapo ndipo chakula kinapopata makao. Uzi wa nyama, kipande cha mchicha, makombo ya chapati, vyote hunasa chini ya waya na kukaa. Ulimi na mate, ambavyo miaka yote vilikuwa vikisafisha meno bila mwenyewe kujua, havifiki tena kila mahali.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam hiyo ni kero ya kila siku. Kwa mkazi wa Nyasura, kata iliyomo ndani ya mji wa Bunda mkoani Mara, jambo hilo ni zito zaidi, na sababu ni umbali. Kung'oa, kuziba na kusafisha meno ni kazi zinazofanyika katika hospitali za wilaya na za mkoa. Kupanga meno ni fani nyingine kabisa. Mabingwa wake ni wachache nchini, na kitovu chao ni Dar es Salaam, ambako Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina idara ya taaluma hiyo. Kutoka Bunda hadi Mwanza ni kilomita zipatazo 150; hadi Dar es Salaam ni zaidi ya elfu moja. Waya hukaguliwa na kukazwa kila baada ya wiki nne hadi nane, na matibabu kwa kawaida huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, wakati mwingine zaidi. Katikati ya safari hizo za basi, mlinzi wa meno ni mgonjwa mwenyewe na mswaki wake.

Ndipo linapokuja swali: je, mswaki wa umeme una faida inayolingana na gharama yake? Faida ipo, ila ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai, na inategemea mambo ambayo karatasi ya maelekezo ndani ya boksi haiyagusi.

Kwanza, wanaohitaji kupangwa meno si wachache. Mwaka 2009, mtafiti Matilda Mtaya na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi 1,601 wa miaka 12 hadi 14 katika wilaya za Kinondoni na Temeke. Karibu asilimia 64 walikuwa na kasoro ya namna fulani katika mpangilio wa meno. Nyingi ya kasoro hizo ni ndogo na hazihitaji waya. Nyingine zina chanzo cha kusikitisha: katika maeneo kadhaa ya Tanzania, mtoto mchanga mwenye homa au kuhara hudhaniwa ana "meno ya plastiki", na vichipukizi vya chonge zake hung'olewa kienyeji. Chonge za ukubwani huweza kuota zikiwa na kasoro, au zisiote kabisa, na safu nzima ikahama.

Mkoa wa Mara wenyewe una historia ndefu na meno. Wajaluo, ambao wilaya ya Rorya mkoani humo ni kwao, zamani walikuwa wakiwang'oa vijana meno sita ya mbele ya chini kama alama ya kuingia utu uzima. Na hadi leo, Afrika Mashariki nzima, mwanya katikati ya meno ya juu huhesabiwa kuwa uzuri. Mgonjwa anayetaka meno yanyooke lakini mwanya ubaki, aseme mapema, kabla waya haujaanza kuvuta.

Turudi kwenye mswaki. Ule wa kwanza wa umeme uliofanikiwa sokoni, Broxodent, ulibuniwa Uswisi mwaka 1954 na Daktari Philippe-Guy Woog. Ulichomekwa moja kwa moja ukutani, ukiwa na waya wake kama pasi. Walengwa wake walikuwa watu wasioweza kutumia mikono vizuri, pamoja na watu waliofungwa waya za meno. Kwa hiyo anayesema mswaki huo hauwafai wenye waya anakosea. Wao ni miongoni mwa waliosababisha ubuniwe.

Leo ziko aina mbili kuu. Moja ina kichwa kidogo cha mviringo kinachozunguka nusu kwenda na nusu kurudi. Nyingine ina kichwa kirefu kama cha mswaki wa kawaida, kinachotetemeka kwa kasi kubwa, baadhi hufika mitikisiko 31,000 kwa dakika. Mwaka 2014 wataalamu wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio 56 yaliyohusisha watu zaidi ya 5,000 na kuonyesha kwamba baada ya miezi mitatu, watumiaji wa mswaki wa umeme walikuwa na ukoga pungufu kwa asilimia 21 na uvimbe wa fizi pungufu kwa asilimia 11, wakilinganishwa na wanaotumia mswaki wa mkono. Ushahidi mwingi zaidi ulihusu aina ya kuzunguka.

Hao walikuwa watu wa kawaida. Tafiti za wenye waya peke yao zinatoa picha yenye ukungu zaidi: baadhi zimeona nafuu ndogo, hasa kwenye fizi, nyingine hazikuona tofauti ya maana. Nyingi zilikuwa za muda mfupi, na mtu anayejua kwamba wiki ijayo atapimwa hupiga mswaki kwa bidii, uwe wa umeme au wa shilingi mia chache. Kwa maoni ya mwandishi huyu, faida ya kweli iko mahali pengine, kwenye uvivu. Mswaki wa umeme huwa na saa ndani yake. Huhesabu dakika mbili na kukatiza kidogo kila sekunde thelathini kumwambia mtumiaji ahamie upande mwingine. Kijana wa miaka kumi na minne anayeona dakika mbili ni nusu siku anaishi na msimamizi mkononi.

Kinachogombewa ni mstari mwembamba sana wa jino, ule ulio kati ya ukingo wa kishikizi na fizi. Ukoga ukikaa hapo, bakteria hula sukari na kutoa asidi. Asidi ikishusha kipimo cha pH chini ya takriban 5.5, madini ya enameli huanza kuyeyuka. Watafiti wameona mabadiliko ya aina hiyo ndani ya wiki nne tu tangu vishikizi kugandishwa, yaani kabla hata ya safari ya kwanza ya kurudi kwa bingwa. Dalili yake ni doa jeupe lisilo na mng'ao, kama chaki. Waya zikitolewa, meno yamenyooka lakini kila jino limebaki na mchoro wa mraba pale kishikizi kilipokuwa.

Hapa wakazi wa Mara wana jambo lao. Mkoa huu ni mmojawapo wa mikoa ambayo maji ya baadhi ya visima vyake yana floraidi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayekunywa maji hayo meno yakiwa bado yanajengwa ndani ya taya huota meno yenye mawimbi meupe au rangi ya kahawia. Enameli ya namna hiyo hukataa asidi ya kuandalia jino, na gundi ya vishikizi inaweza isishike vizuri. Daktari anapaswa kuambiwa mapema mgonjwa alikulia wapi na alikunywa maji gani, na picha za meno zipigwe kabla ya kazi kuanza. Bila picha, mwaka wa pili watu watabishana: doa hili ni la kisima au la uchafu? Doa la floraidi kwa kawaida hutokea pande zote mbili za kinywa kwa kufanana. La ukoga hufuata ukingo wa kishikizi.

Kutokana na hofu ya madoa ya floraidi, wapo wazazi wanaowakataza watoto dawa ya meno yenye floraidi. Hofu yenyewe ina mantiki, ila imechelewa. Enameli ya meno ya mbele huwa imekwisha kujengwa mtoto akifika miaka minane hivi, kwa hiyo kijana wa sekondari hawezi kupata madoa mapya ya floraidi kwenye meno hayo. Anachokipata kutoka kwenye dawa ni kinga ya juu ya jino, ambayo mwenye waya anaihitaji kuliko mtu yeyote. Pakiti isomwe: kiwango kiwe kati ya 1,000 na 1,500 ppm. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu.

Namna ya kuutumia mswaki wa umeme ndiyo inayowashinda wengi. Huwa wanausugua huku na huku kama wa kawaida, na kwa kufanya hivyo wanaiharibu kazi ya mota. Kichwa kitulie. Kiwekwe juu ya kishikizi kikiinamia fizi, kihesabiwe sekunde chache, kisha kishushwe chini ya kishikizi kikiinamia waya, halafu jino linalofuata. Magego ya nyuma hayaachwi, wala upande wa ulimi na sehemu ya kutafunia. Kwa mwenye waya dakika mbili hazitoshi. Tatu au nne ndiyo hesabu ya kweli. Mkono uwe mwepesi. Majaribio ya maabara hayajaonyesha kwamba mtetemo huo unadhoofisha gundi kwa kiwango cha kutisha. Kinachong'oa vishikizi ni muwa, mahindi ya kuchoma yanayong'atwa gunzini, mfupa wa sato na tabia ya kufungua soda kwa meno.

Hata hivyo, hakuna mswaki unaopenya chini ya waya vya kutosha. Kibrashi chembamba cha katikati ya meno ndicho kinachoimaliza kazi, kikiingizwa kutoka juu na kutoka chini ya waya, pembeni mwa kila kishikizi. Ikiwa fedha inatosha kitu kimoja tu kati ya mswaki wa umeme na vibrashi hivyo pamoja na mswaki laini wa mkono, vinunuliwe vibrashi.

Mwenye kuamua kununua wa umeme aanze kwa kuuliza vichwa vya akiba. Kichwa hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu, na kwa mwenye waya mapema zaidi kwa sababu nyuzi zake hupukutika zikigonga chuma. Mswaki ambao vichwa vyake havipatikani Bunda, Musoma wala Mwanza utageuka pambo la kabati kabla mwaka haujaisha. Jambo la pili ni chaja. Ndugu aliye Marekani akituma mswaki kwa zawadi, yasomwe kwanza maandishi ya chini ya chaja: kama ni volti 100 hadi 120 tu, umeme wetu wa volti 230 utaiunguza siku hiyo hiyo. Miswaki inayochajiwa kwa waya wa USB ni rahisi zaidi, maana hutumia kichwa cha chaja ya simu, hata sola ya nyumbani. Betri nzuri ikijaa hudumu wiki moja au mbili, hivyo kukatika kwa umeme kwa siku mbili si tatizo. Shule ya bweni ni habari nyingine: pasipo soketi ya kuaminika na pasipo mahali pa kufungia kifaa cha bei, mwanafunzi aende na mswaki wa mkono.

Wenye pleti za kuvuliwa badala ya vishikizi wana unafuu. Pleti hutolewa, meno hupigwa mswaki kama kawaida, na pleti yenyewe husafishwa kwa maji ya baridi na sabuni kidogo. Maji ya moto huipinda.

Na waya zikishatoka, kazi haijaisha. Wengi hugandishiwa uzi mwembamba wa chuma nyuma ya meno ya mbele ya chini ili yasirudi yalikotoka, na uzi huo huweza kukaa miaka. Sehemu hiyo iko karibu na mifereji ya mate, kwa hiyo ukoga wake hugeuka ugaga haraka kuliko kwingine. Kichwa kidogo cha mviringo hufika hapo kwa urahisi kuliko mswaki mpana. Ugaga ukishaganda hautoki kwa mswaki wa aina yoyote; huondolewa na daktari wa meno wa kawaida, na kwa hilo mtu wa Nyasura hana haja ya kupanda basi la Mwanza.