Matumizi ya tanuri la maikrowevu katika mapishi ya nyumbani

Tanuri la maikrowevu (kwa kawaida huitwa maikrowevu tu) ni chombo cha umeme cha jikoni kinachopasha moto chakula kwa kutumia mawimbi ya sumakuumeme badala ya moto au waya unaowaka. Nyumbani hutumika hasa kupasha viporo, kuyeyusha vyakula vilivyogandishwa na kupika vyakula vyenye majimaji kwa kiasi kidogo. Hakifai kwa kila pishi, na baadhi ya vyakula vinavyopendwa mkoani Singida, katikati ya Tanzania, vinaonyesha vizuri kile kinachowezekana na kisichowezekana.

Historia

Kiini cha chombo hiki ni magnetroni, kifaa kinachotoa mawimbi mafupi. Mwaka 1940 John Randall na Harry Boot wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walitengeneza magnetroni yenye nguvu kubwa kwa ajili ya rada za Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1945 Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon nchini Marekani, aliomba hataza ya kupika chakula kwa mawimbi hayo.

Tanuri la kwanza kuuzwa, mwaka 1947, lilikuwa na kimo cha takriban mita 1.8 na uzito wa kilogramu 340 hivi, likakusudiwa mahoteli na meli. Mwaka 1967 kampuni ya Amana ilitoa tanuri dogo la kuweka mezani kwa bei ya dola 495, na kuanzia hapo chombo hiki kikaenea katika nyumba za watu.

Namna linavyofanya kazi

Matanuri ya nyumbani hutumia mawimbi yanayotetema mara bilioni 2.45 kwa sekunde, yenye urefu wa sentimita 12 hivi. Molekuli ya maji ina upande wenye chaji chanya na upande wenye chaji hasi. Mawimbi yanapopita, molekuli hizo hujaribu kugeuka kuyafuata, zinagongana na jirani zake, na joto hutokea ndani ya chakula chenyewe. Kwa sababu hiyo chakula chenye maji mengi hupata moto haraka, na chakula kikavu hupata moto polepole.

Wengi husema kwamba maikrowevu hupika kutoka ndani kwenda nje. Hilo si sahihi. Mawimbi hupenya sentimita mbili tatu tu. Katikati ya kipande kinene hupata joto lililosafiri kutoka pembeni, kama ilivyo katika mapishi mengine. Aidha, mawimbi hayasambai sawasawa ndani ya tanuri. Ndiyo maana kuna sahani inayozunguka, na ndiyo maana mpishi anapaswa kusimamisha tanuri, kukoroga chakula, kisha kuendelea.

Matumizi ya kila siku

Kupasha viporo. Hii ndiyo kazi kuu. Wali, maharage, mchuzi na mboga hupashwa katika bakuli lililofunikwa bila kubanwa ili mvuke upate pa kutokea. Wali uliokauka hunyunyiziwa kijiko kimoja au viwili vya maji. Chakula kikitandazwa katika sahani pana hupata moto sawasawa kuliko kikirundikwa.

Kuyeyusha barafu. Kitufe cha kuyeyushia hufanya magnetroni iwake na kuzimika kwa zamu. Barafu hupokea mawimbi kwa uhafifu kuliko maji; hivyo sehemu iliyotangulia kuyeyuka ingeanza kuiva huku katikati bado kukiwa jiwe. Vipindi vya kuzimika huliacha joto lisambae. Nyama au samaki aliyeyeyushwa hivi apikwe papo hapo.

Kupika mboga na viazi. Kabichi, karoti, mchicha na viazi huiva kwa maji machache na kwa muda mfupi, jambo linalosaidia kuhifadhi vitamini C. Kiazi kizima lazima kitobolewe kwa uma kwanza, la sivyo mvuke unaweza kukipasua.

Kuchemsha maziwa na vinywaji. Kikombe kimoja huwa tayari kwa dakika moja hadi mbili. Chombo kiwe kirefu, kwa kuwa maziwa hufura na kumwagika.

Vyakula vya Singida ndani ya maikrowevu

Mkoa wa Singida hulima mtama, uwele, mahindi, viazi vitamu na alizeti, na unajulikana nchini kwa kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti. Vyakula vyake huitikia maikrowevu kwa namna tofauti.

Ugali wa mtama au wa mahindi hausongwi kwa urahisi humo, kwa kuwa kusonga kunadai mwiko na moto wa mfululizo. Lakini kiporo cha ugali hupashika vizuri: hukatwa vipande vyembamba, hunyunyiziwa maji, hufunikwa na kupashwa kwa dakika moja hadi mbili. Bila maji wala kifuniko, kingo hukauka na kuwa ngumu.

Mlenda hupashwa katika bakuli refu kwa nguvu ndogo, kwa sababu utelezi wake hushika mvuke na kuufanya ufure.

Kiazi kitamu cha ukubwa wa wastani huiva kwa dakika tano hadi nane katika tanuri la wati 800, baada ya kutobolewa. Michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyoanikwa juani, haina maji ya kutosha. Lazima ilowekwe kwanza na kupikwa ndani ya maji. Hapo maikrowevu haina faida kubwa kuliko sufuria.

Kuku wa kienyeji ana nyama ngumu inayohitaji kuchemshwa taratibu kwa muda mrefu. Maikrowevu humfanya akauke kabla hajalainika. Maharage makavu nayo huhitaji muda mrefu majini. Mji wa Singida uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Kwa hiyo vyakula vigumu huchelewa kuiva katika sufuria ya kawaida na katika maikrowevu vilevile. Kinachosaidia ni sufuria ya presha.

Mafuta ya alizeti hayana molekuli zinazoitikia mawimbi kama maji, nayo yakishapata moto hayachemki kutoa ishara ya tahadhari. Kukaanga kwa mafuta mengi ndani ya maikrowevu ni hatari ya moto na haifai kujaribiwa.

Matumizi ya umeme

Nguvu inayoandikwa kwenye tanuri, mfano wati 800, mara nyingi ni ile inayofika kwenye chakula. Umeme unaovutwa ukutani ni zaidi, takriban wati 1,200, kwa kuwa sehemu hupotea kama joto la mashine. Kwa kiwango hicho dakika tano hutumia uniti 0.1 ya LUKU, na nusu saa hutumia uniti 0.6. Hesabu hii inaonyesha kwamba kupasha sahani mbili tatu ni nafuu, ilhali kupika chungu cha familia kubwa hutafuna uniti upesi. Kuchemsha lita moja ya maji hutumia uniti 0.15 hivi, wakati birika la umeme hutumia karibu 0.1.

Umeme unaopanda na kushuka huweza kuharibu tanuri. Ni vyema kutumia kifaa cha kulinda vyombo vya umeme, na kuchomoa waya umeme unapokatika hadi urudi na kutulia.

Usalama

Mawimbi haya hayakifanyi chakula kuwa na mnururisho, na huisha mara tanuri linapozimwa. Wavu wa chuma mlangoni huyazuia kwa kuwa matundu yake ni madogo mno kuliko urefu wa wimbi. Tanuri ambalo mlango wake umepinda au haufungi sawasawa lisitumike. Lisiwashwe tupu.

Vyombo vinavyofaa ni vya kioo au kauri, na plastiki zilizoandikwa kwamba zinafaa kwa maikrowevu. Sufuria, sahani za bati, karatasi ya alumini na vyombo vyenye urembo wa dhahabu huweza kutoa cheche. Sahani za melamini hupata moto na kupasuka.

Hatari kubwa zaidi ni chakula kisichopashika sawasawa. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe bila ubaridi kwa zaidi ya saa mbili, na kiporo kipashwe hadi kifikie angalau nyuzi 70 kote. Kiporo chenye moto pembeni na ubaridi katikati kinaweza kuwa na vijidudu hai. Wali uliolala mezani usiku kucha hauokolewi kwa kupashwa, kwa sababu sumu inayotolewa na baadhi ya bakteria humo haiharibiwi na joto.

Maziwa ya mtoto mchanga hayafai kupashwa kwa maikrowevu: chupa yaweza kuwa vuguvugu kwa nje huku ndani mna sehemu zinazounguza. Njia salama ni kuiweka chupa katika bakuli la maji ya moto. Mayai yenye maganda hulipuka. Maji yaliyopashwa katika kikombe laini huweza kupita kiwango cha kuchemka bila kutoa mapovu, kisha yakafoka ghafla yakitikiswa. Kuacha kijiko cha mti ndani yake huzuia hali hiyo.

Nafasi yake katika nishati ya kupikia

Kaya nyingi za Tanzania bado hupika kwa kuni na mkaa, na moshi wake hudhuru hasa wanawake na watoto walio jikoni. Mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, umekuwa ukipeleka umeme vijijini.

Katika mabadiliko hayo maikrowevu ni msaidizi, si mbadala wa jiko. Kwa kaya yenye umeme na jokofu, inaondoa haja ya kuwasha mkaa ili kupasha sahani moja ya chakula cha jioni. Ugali wa watu wanane na kuku wa kienyeji bado vinahitaji jiko la gesi, jiko la umeme au sufuria ya presha.