Upasuaji wa kupunguza uzani, na ngozi inayobaki: mambo ya kujua kabla ya kulipa

Wakazi wa Ruiri na wadi jirani wanaofikiria kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzani wanashauriwa waanze na mizani, si na tangazo la kliniki. Matangazo ya huduma hizi yamejaa kwenye simu, na mengi huchanganya mambo mawili tofauti: upasuaji wa tumbo unaotibu unene wa kupindukia, na upasuaji wa kurekebisha umbo. Ule wa kwanza ni matibabu. Wa pili hautibu unene, na kwa mtu aliyepungua sana huja mwishoni, baada ya mwaka mmoja au zaidi.

Tatizo lenyewe si la Nairobi pekee. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 (KDHS) ulionyesha kuwa wanawake 45 kati ya kila 100 walio watu wazima wana uzani uliozidi kiasi, na wanaume 19. Kitambi bado husifiwa kama dalili ya maisha mazuri, lakini kisukari, presha, maumivu ya magoti na kukatika kwa pumzi usingizini huandamana nacho.

Kipimo kinachotumika kliniki huitwa BMI, na hesabu yake ni rahisi. Uzani kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita, kisha jibu hugawanywa tena kwa urefu huohuo. Mama mwenye urefu wa mita 1.60 na uzani wa kilo 90 hupata 35. Miongozo ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2022 inapendekeza upasuaji kwa mtu mzima aliyefika 35 au zaidi, hata kama hana ugonjwa mwingine. Aliye kati ya 30 na 35 anaweza kufikiriwa ikiwa ana kisukari cha aina ya pili, au ikiwa njia nyingine hazijamsaidia. Kwa kawaida walio chini ya 30 hawahitaji kisu. Wao hufaidika na mabadiliko ya chakula, mazoezi na, pale daktari anapoona inafaa, dawa. Kupimwa uzani, urefu na presha hakuhitaji safari ya mbali. Kituo cha afya kilicho karibu kinatosha kwa kuanzia.

Upasuaji unaofanywa zaidi duniani ni ule wa kukata na kuondoa karibu robo tatu ya mfuko wa tumbo, ili libaki bomba jembamba kama ndizi. Wengi huuita slivu. Kilichoondolewa hakirudishwi. Mgonjwa hushiba haraka, na hamu ya chakula hupungua kwa sababu sehemu iliyokatwa ndiyo hutoa kwa wingi homoni ya njaa. Wa pili ni baipasi: daktari hutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo, chakula kikaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Njia hii ilianza Marekani katika miaka ya 1960 kwa daktari Edward Mason, na mara nyingi ndiyo hupendekezwa kwa mwenye kisukari au kiungulia kikali. Pete ya kubana tumbo, iliyovuma zamani, imeachwa na hospitali nyingi. Puto linaloingizwa tumboni kupitia mdomoni si upasuaji. Hutolewa baada ya miezi kadhaa, na uzani hurudi kwa urahisi.

Slivu au baipasi humpunguzia mtu takriban robo ya uzani wake. Aliyekuwa na kilo 120 anaweza kufika 90. Asitarajie 60.

Jambo ambalo matangazo hulipitia juujuu ni maisha baada ya hapo. Wiki za kwanza ni vinywaji tu: supu iliyochujwa, maziwa, uji mwepesi usio na sukari. Kisha hufuata vyakula vilivyopondwa, na baadaye vya kawaida, kwa kiasi cha kikombe kidogo cha chai. Githeri yenye mahindi magumu husubiri sana, na ikirudi hutafunwa polepole. Mayai, ndengu, maharagwe, samaki au kuku huliwa kwanza, wanga baadaye. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Kwa aliyefanyiwa baipasi, chai yenye sukari nyingi au soda inaweza kumletea kizunguzungu, jasho na kuhara muda mfupi baadaye. Pombe nayo hupanda kichwani upesi kuliko zamani.

Vidonge vya vitamini na madini, hasa B12, chuma, kalsiamu na vitamini D, huwa vya maisha yote, na damu hupimwa mara kwa mara. Anayeviacha anaweza kupata upungufu wa damu au madhara ya neva yasiyopona. Mwanamke hushauriwa asishike mimba kwa miezi 12 hadi 18, na apange njia ya uzazi mapema, kwa sababu kupungua uzani huongeza uwezo wa kushika mimba na baada ya baipasi tembe za kupanga uzazi huenda zisifanye kazi vizuri. Wanaotafuna miraa wamwambie daktari wa nusukaputi wazi, bila aibu: miraa hupandisha presha na mapigo ya moyo.

Mtu akipungua kilo 30 au 40, ngozi haifuati yote. Hubaki mikunjo tumboni, mikononi, mapajani na kifuani, na chini yake jasho huleta vidonda na ukungu. Mazoezi huimarisha misuli lakini hayaondoi ngozi iliyolegea. Kuikata ni upasuaji mkubwa wenye makovu marefu, na hufanywa uzani ukiwa umetulia kwa angalau miezi mitatu hadi sita, kwa kawaida mwaka mmoja na nusu baada ya ule wa tumbo. Anayeharakisha hulipa mara mbili, kwa kuwa ngozi italegea tena. Mvutaji sigara huacha wiki kadhaa kabla, la sivyo kidonda hakifungi.

Kunyonya mafuta ni jambo jingine tena. Hutumika kurekebisha sehemu ndogo za mwili, na si dawa ya unene. Mwishoni mwa 2024 kliniki moja jijini Nairobi ilifungwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC) kufuatia kifo cha mteja aliyefanyiwa upasuaji wa aina hiyo. Baraza hilo lina sajili mtandaoni ambako mtu yeyote anaweza kuangalia kama daktari na kituo vina leseni ya mwaka huu. Ni vyema pia kuuliza nani atatoa nusukaputi, kama kuna chumba cha wagonjwa mahututi, na nani atapokea simu saa nane usiku.

Kabla ya kuuza ng'ombe au kuitisha harambee, mgonjwa apate kwa maandishi kile ambacho SHA au bima yake italipia. Bajeti iwe na nauli za kliniki, vipimo vya damu na vitamini za miaka ijayo, wala isiishie kwenye siku ya upasuaji. Safari ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Nairobi hadi Meru, miguu ikiwa imekunjwa ndani ya matatu, isifanywe bila ruhusa ya daktari, kwa kuwa damu inaweza kuganda miguuni na kusafiri hadi mapafuni. Akishafika nyumbani, homa, maumivu makali ya tumbo, moyo kwenda mbio, kutapika kusikokoma, mguu mmoja kuvimba au kukosa pumzi ni dharura: aende hospitali ya rufaa usiku huohuo, akiwa na barua yake ya kuruhusiwa kutoka hospitalini.