Mapitio ya Maandiko: Orodha au Mjadala?

Katika tasnifu nyingi, sura ya mapitio ya maandiko husomeka kama daftari la mahudhurio. Kila mwandishi huitwa jina, huitika, kisha huketi. Hakuna anayejibizana na mwenzake. Hiyo ni orodha, wala si mapitio.

Tuchukue mfano wa hapa Dodoma. Mwanafunzi anataka kuchunguza ngonjera za Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa, aliyefariki mwaka 1969. Akiorodhesha tu, atamtaja Kaluta Amri Abedi (1954), kisha Kezilahabi (1974), kisha Mulokozi na Kahigi (1979). Akihakiki, ataanza na swali: je, vina na mizani ndivyo uti wa mgongo wa ushairi wa Kiswahili? Hapo maandiko yatajipanga yenyewe. Abedi anaviona kuwa ni sharti. Kezilahabi, katika Kichomi, anatunga bila kufungwa navyo. Mulokozi na Kahigi wanashikilia kuwa si kiini cha ushairi. Ngonjera nayo isimame wapi? Inafuata vina na mizani, lakini papo hapo ni majibizano ya kutendwa mbele ya hadhira. Mjadala uliojikita katika umbo la ubeti pekee hautoshi kuieleza. Pengo la utafiti huonekana kwa namna hiyo: msomaji hulifikia kwa kusoma, halibuni.

Hivyo basi, tuogope kauli isemayo kuwa "hakuna aliyewahi kuandika" juu ya jambo fulani. Anayeandika kuhusu Wagogo akaanza na kitabu cha Peter Rigby cha mwaka 1969 atakuwa amemruka Mnyampala, ambaye Historia, Mila na Desturi za Wagogo yake ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1954. Tafsiri yake ya Kiingereza, iliyoandaliwa na Gregory Maddox, ilitoka mwaka 1995. Anayesubiri tafsiri ndipo asome, huchelewa miaka arobaini na mmoja, tena huthibitisha bila kukusudia kuwa Kiswahili si lugha ya maarifa.

Kwa kila andiko, basi, mtafiti ajiulize: linajibu swali gani? Linapingana na nani, na kwa ushahidi upi? Linaacha nini bila kuelezwa? Akiyajibu hayo, sauti yake itasikika miongoni mwa waliomtangulia, naye atakuwa amewapa heshima wanayostahili: kusomwa, na kujibiwa.