Donge Kooni: Chakula Kinapita, Lenyewe Halitoki

Lilianza kwenye basi, nikirudi nyumbani alfajiri kutoka zamu ya usiku. Nilimeza mate nikahisi kitu kimekaa kooni, kama kidonge kilichokwama. Nikameza tena. Kikabaki palepale. Nilipofika nyumbani hapa Leicester nilikunywa bilauri mbili za maji, kisha nikafanya kile alichofundishwa kila mtoto wa Tanga akikwamwa na mwiba wa samaki: nilifinyanga tonge la wali nikalimeza bila kutafuna. Tonge lilishuka bila taabu. Kitu hakikutikisika.

Nilikaa nacho wiki tatu bila kumwambia mtu. Baba yangu alifariki mwaka uliotangulia kwa saratani ya umio, na ugonjwa wake sisi watoto tuliusikia kwanza kwa maneno hayohayo: "Kuna kitu kooni." Mchana nilishinda nikimezameza mate. Usiku nilisimama mbele ya kioo nikijimulika koo kwa simu.

Ushauri wa nyumbani

Mwishowe nilimpigia shangazi. Nilipomwambia nina donge kooni, alicheka kwanza. "Una donge na nani tena huko Ulaya?" Kwetu, mwenye donge ni mwenye kinyongo. Kisha akatulia. "Mwanangu, hicho ni kimeo. Ukija likizo utakatwa, mambo yaishe." Rafiki yangu mmoja naye alinong'ona kwamba huenda nimelishwa kitu.

Wote wawili walinitakia mema. Lakini kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, ni sehemu ya kawaida ya mwili. Kukikata hakuondoi hisia hii, na kisu cha mtaani kinaweza kuleta kuvuja damu kwingi, maambukizi, hata pepopunda. Ikiwa una mtoto na mpo safarini kwenda nyumbani, liseme hili mapema kabla bibi hajamwita fundi.

Maswali ya daktari

Daktari aliniuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: "Ukila, hali inazidi au inapungua?" Nikafikiri. Inapungua. Nikiwa mbele ya sahani ya pilau nasahau kabisa. Hurudi nikikaa bure, nikimeza mate matupu. Akaendelea: chakula kinakwama? Unaumia ukimeza? Umepungua uzito? Sauti imebadilika? Yote hapana. Alinipapasa shingo, na kwa sababu ya historia ya baba akanipeleka kliniki ya masikio, pua na koo. Huko walipitisha kamera nyembamba puani hadi kooni. Machozi yalinitoka, lakini ilikuwa kazi ya dakika chache. Koo lilikuwa safi.

Hali hii inaitwa globasi, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya tufe. Kwa karne nyingi waganga wa Ulaya waliihusisha na tumbo la uzazi na kuiita wazimu wa wanawake. Mwaka 1968 daktari Malcomson alipendekeza jina lisilo na lawama hiyo, kwa kuwa wagonjwa wengi aliowaona hawakuwa na wazimu wowote. Wanaume nao huipata.

Juu ya umio kuna msuli wa duara unaokaa umefungwa, na hufunguka tunapomeza. Ukikaza kupita kiasi, tunauhisi kama kitu kigeni. Hukazwa na hofu, huzuni na uchovu. Asidi inayopanda kutoka tumboni na makamasi yanayoshuka nyuma ya pua huweza kuchangia pia. Mtu akihisi kitu, humeza au hujikohoza ili kukitoa. Kufanya hivyo huchokoza koo zaidi, naye humeza tena. Kwa hiyo daktari akisema hakuna kitu, hasemi unajisingizia. Hisia ni ya kweli, ila hakuna uvimbe.

Yaliyonisaidia

• Kupiga funda dogo la maji kila nikitaka kujikohoza au kumeza mate matupu.

• Kupiga miayo kwa makusudi, kulegeza taya na kushusha mabega, ambayo baada ya zamu huwa yamepanda hadi masikioni.

• Kuacha kula na kulala papo hapo. Sisi wa zamu tuna tabia hiyo. Sasa naacha saa tatu zipite, na nimeinua kitanda upande wa kichwa.

• Kupunguza kahawa na pilipili siku zenye kiungulia. Dawa za asidi nilitumia kwa muda alioniambia daktari tu.

• Kuacha kujimulika koo.

Usisubiri

Muone daktari haraka kama chakula kinakwama, kumeza kunauma, unapungua uzito bila sababu, unatema damu, sauti imekwaruza zaidi ya wiki tatu, una uvimbe shingoni, au maumivu yako upande mmoja yakifika sikioni. Ni muhimu zaidi kwa anayevuta sigara, anayekunywa pombe nyingi au anayetafuna tambuu na tumbaku. Baba yangu alianza kuchovya mkate kwenye chai kwa sababu mkavu haukupita, nasi tukadhani ni uzee.

Swali la mwisho

Kabla sijatoka, daktari aliuliza: "Kuna jambo limekupata mwaka huu?" Nikamwambia. Baba alizikwa siku ileile aliyofariki, nami sikuweza kufika. Niliyaangalia mazishi kwa simu, nimejifungia katika stoo ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Yalipokwisha niliosha uso nikaenda kuwalisha wazee chakula cha jioni. Sikulia siku ile, wala iliyofuata.

Jioni nilimpigia shangazi, dada yake baba. Sikuzungumzia koo. Nilimwomba anisimulie siku ile tangu asubuhi: nani alimwosha, nani aliingia kaburini. Alinisimulia, akalia, nami nikalia kwa sauti hadi watoto wakaja mlangoni.

Donge halikutoka siku ile. Lilichukua miezi, na bado hunitembelea nikichoka. Siku hizi nikilihisi nanywa maji funda moja, kisha nampigia shangazi.