Nyumba ya Sinema ya Vuga

Leo twataka kuwaeleza habari za nyumba za sinema za mji wa Unguja, na hasa moja iliyoko Vuga; kwa kuwa nyumba hiyo imejengwa mara mbili na kuitwa kwa majina mawili, na mambo yaliyoipata ndiyo yaliyoupata mji wenyewe.

Nyumba ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1921, ikaitwa Royal. Aliyeichora ni Bwana J. H. Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa na elimu ya ujenzi. Ndiye aliyechora pia Mahkama Kuu, isiyo mbali na hapo, na lile jumba la Makumbusho lenye kuba. Siku hizo picha zilikuwa bubu. Maneno yaliandikwa juu ya pazia, na asiyejua kuyasoma alimtegemea jirani amnong'onezee. Kisha mwaka 1931 Wahindi walitoa picha yao ya kwanza yenye sauti, Alam Ara, na baada yake picha za nyimbo zikafululiza kuja pwani yetu. Watu wasiojua neno la Kihindi walizishika nyimbo zile kwa moyo. Mwaka 1938 Royal ikabadilishwa jina, ikawa Majestic.

Moto uliogopwa mno katika nyumba hizi, wala si bure. Filamu za zamani zilifanyizwa kwa dawa iwakayo upesi kupita kuni kavu, na kuizima ni kazi kubwa, maana huendelea kuwaka hata ndani ya maji. Na karibu yake ilikuwapo taa yenye joto kali. Kwa hiyo chumba cha mashine kilijengwa kwa kuta nene na vidirisha vyenye vifuniko vya chuma. Majestic nayo iliungua mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ikajengwa upya na fundi Dayalji Pitamber Sachania, kwa mtindo mpya wa siku zile, ikafunguliwa tena mwaka 1955.

Lipo jambo moja tulipendalo kuliko yote katika habari hizi. Mara nyingine nakala ya picha ilikuwa moja tu, na nyumba mbili zataka kuionyesha usiku ule ule. Wafanyeje? Filamu hukatwa vipande, kila kipande katika gurudumu lake. Gurudumu la futi 2,000 huenda kama dakika 22. Nyumba ya kwanza huanza mapema. Kipande kikiisha, kijana hukichukua kwa baiskeli, akakimbia nacho katika vichochoro mpaka nyumba ya pili. Basi furaha ya mamia ya watu ilikuwa juu ya magurudumu mawili ya baiskeli, na kijana akichelewa, makelele ya ukumbini husikika njiani!

Wanawake nao walikuwa na maonyesho yao peke yao, wanaume wasiingie. Mwenye bibi mzee nyumbani na amwulize habari za Awara, picha ya Raj Kapoor ya mwaka 1951. Bila shaka atajibiwa kwa wimbo.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba za sinema zilichukuliwa na Serikali. Miaka ya 1970 ikaja televisheni, kisha video, na watu wakaanza kutazama picha vibarazani na majumbani mwao. Empire, iliyo karibu na soko la Darajani, iligeuzwa duka. Majestic ilichakaa hata paa likaondoka, zikabaki kuta.

Mwanafunzi huenda akauliza: mbona paa liwe la kwanza kuondoka? Ukumbi wa sinema hauna nguzo katikati, maana nguzo humzuia mtu kuona. Paa lake hulala juu ya mihimili mirefu kutoka ukuta hata ukuta, na mhimili mmoja ukiingia maji, jirani zake huelemewa. Tena hewa ya bahari ina chumvi; huzila nondo zilizomo ndani ya saruji, kutu huvimba, na saruji hupasuka. Kupaka chokaa juu ya ufa wa namna hiyo ni kuficha jipu kwa kitambaa. Sharti saruji mbovu ivunjwe mpaka chuma kionekane, kisafishwe au kitiwe kingine, ndipo ukuta ufunikwe.

Wengine husema ukumbi ukigeuzwa duka umeokoka. Twakubali kwamba kuta zimeokoka. Lakini sakafu ya sinema huteremka kuelekea pazia, ili wa nyuma aone juu ya kichwa cha wa mbele. Duka lataka sakafu sawasawa, na ikisawazishwa, ukumbi haurudi tena.

Wala watazamaji hawakukosekana. Tangu 1998 tamasha la filamu limewakusanya watu Ngome Kongwe, wakakaa usiku chini ya nyota kutazama picha. Na kutoka hapo hadi Vuga ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.