Fahamu: Kinanda na vidole vya mpigaji mzee

Juni ikiingia, asubuhi za Mbeya na Iringa huwa na baridi kali. Mpiga kinanda mzee anayewahi ibada ya kwanza, awe Mmoravian au Mlutheri, husugua viganja kwanza, kisha hupitia wimbo mmoja taratibu kabla kwaya haijasimama. Ana haki: viungo vyenye baridi hukakamaa, na mwenye baridi yabisi huumia zaidi.

Lakini shida ya vidole haitokani na umri na baridi peke yake; kinanda chenyewe huchangia. Kibao cha piano huhitaji uzito wa takriban gramu 50 ndipo kishuke, kwa kuwa kinasukuma nyundo. Vinanda vya umeme vya vibao 88 vyenye uzito huiga hali hiyo. Vile vidogo vya vibao 61 hutumia springi, hivyo ni vyepesi.

Wepesi nao una mtego wake. Kinanda cha umeme hakipimi nguvu ya kidole, kinapima kasi ya kibao kushuka. Kidole kinachotetemeka hushuka ghafla na noti moja ikapiga kelele katikati ya tenzi tulivu. Inasikitisha kuona mzee aliyefundisha kwaya miaka mingi akidhaniwa amesahau kazi, kumbe ni mpangilio wa kinanda tu. Fungua sehemu ya mguso kwenye mipangilio hiyo na uuzime: noti zote zitalingana. Au chagua sauti ya ogani, ambayo kwa kawaida haijali umebonyeza vipi, kisha sauti ipandishwe na kushushwa kwa pedali ya mguu.