Tununue Trekta Ndogo, au Tuendelee Kukodi?

Katika toleo hili tungependa kuzungumza juu ya swali ambalo vikundi vingi vimetuuliza, wengine kwa barua, wengine kwa simu, na wengine kwa miguu yao wenyewe. Swali ni hili: kikundi chetu kimeweka akiba kwa miaka kadhaa, je, sasa tununue trekta ndogo?

Wa mwisho kutuuliza walikuwa wageni watatu kutoka upande wa Machakos: mama mwenyekiti, mama mweka hazina, na mzee mmoja ambaye wenzake walimchagua kwa sababu aliwahi kuendesha lori. Walifika ofisini asubuhi na mapema wakiwa na karatasi ya bei waliyopewa na wauzaji. Mpango wao ulikuwa kupita kwetu kusalimia tu, kisha washuke Industrial Area wakalipe arbuni. Kutoka hapa kilimani hadi Industrial Area si mbali, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Tukawaomba wanywe chai kwanza.

Tulimwuliza mama mwenyekiti: "Mama, hiyo trekta italima ekari ngapi kwa mwaka?" Akatazama wenzake. Bei waliijua. Nguvu za injini walizijua, rangi pia. Lakini idadi ya ekari hakuna aliyekuwa amehesabu. Nasi tunaona kwamba hapo ndipo vikundi vingi hukosea. Watu huuliza, "Tunaweza kuilipa?" Swali linalotangulia ni, "Ina kazi ya kutosha?"

Haya, tuchukue daftari tupige hesabu pamoja. Tarakimu hizi ni za mfano. Ninyi wekeni za kwenu, maana bei ya dizeli ya leo si ya kesho.

Tuseme trekta ndogo ya magurudumu manne, ya nguvu farasi 30 hivi, pamoja na plau yake, ni shilingi 1,200,000. Kikundi kina 400,000 na kitakopa 800,000. Tuseme pia trekta itafanya kazi miaka kumi, na mwishowe itauzwa 300,000. Maana yake ni kwamba kila mwaka inapoteza thamani ya shilingi 90,000, ikiwa imelima au imelala. Riba ya mkopo kwa asilimia 14 katika mwaka wa kwanza itakaribia 100,000, kama mnalipa deni kila mwezi kwa miaka minne. Bima, usajili na kibanda cha kuikinga na jua na mvua, weka 40,000. Jumla ni 230,000. Hiyo ndiyo gharama ya kuwa na trekta tu, kabla haijagusa udongo.

Sasa ipelekwe shambani. Ekari moja itakunywa tuseme lita 8 za dizeli kwa shilingi 180, yaani 1,440. Oili, grisi na filta 160. Dereva 300. Akiba ya spea na fundi 500, na tafadhali msiiondoe hiyo. Jumla ni 2,400 kwa ekari. Ikiwa bei ya kukodi trekta kijijini ni 3,500 kwa ekari, kinachobaki mkononi ni 1,100. Gawanya 230,000 kwa 1,100. Utapata ekari 209. Hapo trekta imejilipia gharama zake tu, faida bado.

Kikundi chenye wanachama 25, kila mmoja na ekari mbili, kina ekari 50. Wakikodi trekta ya mtu mwingine watalipa 175,000 kwa mwaka. Wakitumia ya kwao, gharama ya kulima ekari hizo hizo ni 120,000, ongeza zile 230,000, jumla 350,000. Ni mara mbili kamili. Mama mweka hazina alipofika kwenye mstari huo aliweka kalamu chini na kuomba chai nyingine.

Mzee akasema, na alisema vyema, kwamba trekta haitalimia wanachama peke yao, itakodishwa kwa majirani. Ni kweli, kila kikundi hutegemea hivyo. Lakini tuhesabu siku. Katika sehemu nyingi za Ukambani mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba hadi Desemba, na ile ya Machi hadi Mei huja ikijisikia. Kabla ya mvua udongo ni mkavu kama tofali. Mvua ikishika sana, trekta inazama. Kwa hivyo kila msimu kuna wiki chache tu ambazo kila mkulima anataka kulimiwa, na wote wanataka siku moja. Tuseme mpate siku 25 nzuri kwa msimu, siku 50 kwa mwaka. Trekta ndogo ikilima ekari 4 kwa siku bila kuharibika hata mara moja, ni ekari 200. Hata hizo 209 hatujafika! Mkimaliza deni gharama ya mwaka itashuka hadi 130,000, na ekari za kujilipia zitakuwa karibu 120. Hiyo ni afadhali, lakini wakati huo trekta nayo imezeeka na spea zimeanza kuita.

Dirishani kwetu tunaona mashine zikifanya kazi. Upper Hill hii, ambayo zamani ilikuwa nyumba za wafanyakazi wa reli zenye bustani kubwa, imejengwa maghorofa pande zote, na karibu kila mwaka kuna tingatinga linalochimba msingi mahali fulani. Tingatinga hilo linafanya kazi kutoka asubuhi hadi jioni, kiangazi na masika. Mwenyewe anaweza kulipia deni lake kwa sababu halilali. Trekta ya kijijini inangoja mvua, na benki haingoji.

Je, hakuna kikundi kinachofaa kununua? Kipo. Tofauti mara nyingi ni trela. Penye mchanga, mawe, mbolea, kuni, maji au mavuno ya kubeba, trekta inaweza kupata kazi miezi ambayo plau imetundikwa. Mashine ya kupukuchua mahindi inayozungushwa na shafti ya nyuma ya trekta pia huleta pesa baada ya mavuno. Kikundi kikiweza kutuonyesha siku 150 za kazi kwa mwaka, na majina ya watu watakaolipa, tutazungumza lugha nyingine. Majina yaandikwe, si kusema "watu watakuja tu". Angalieni pia kama barabara zenu zinapitisha trela lililojaa, na kumbukeni kwamba trekta inayopita barabarani inahitaji namba, bima na dereva mwenye leseni ya trekta.

Jambo la pili ni shamba lenyewe. Tuliwauliza wageni wetu mashamba yao yakoje. Wakasema ni ya mteremko, yenye matuta ya fanya juu ambayo wazazi wao walichimba. Matuta hayo ndiyo yameshika udongo wa Machakos usiende mtoni, lakini hayakuchimbwa kwa ajili ya trekta. Kwenye kipande chembamba kati ya tuta na tuta, trekta inatumia muda mwingi kugeuka kuliko kulima, na dereva mwenye haraka atakanyaga ukingo aubomoe. Tena kwenye mteremko trekta ndogo inaweza kupinduka. Ikinunuliwa, iwe na fremu ya chuma ya kumkinga dereva, na mtoto asipandishwe kwenye matopeni hata akilia. Ile shafti ya nyuma nayo iwe na kifuniko chake. Ikishika leso au koti hakuna muda wa kupiga kelele.

Wengine watasema, basi tununue ile ya magurudumu mawili inayoendeshwa kwa kutembea nyuma yake, ambayo ndugu zetu Watanzania wanaiita pawatila. Bei yake ni nafuu sana. Tanzania ilipozindua Kilimo Kwanza mwaka 2009, pawatila nyingi zilisambazwa wilayani. Penye majaruba ya mpunga kama bonde la Usangu zimefaa, kwa sababu udongo ule ni laini na umelowa. Kwenye udongo mkavu na mgumu ni habari nyingine. Mashine ni nyepesi, magurudumu yanateleza, na jembe linakwaruza juu juu. Na kuna kutembea. Plau inayokata upana wa sentimita 30 inamtaka mtu atembee zaidi ya kilomita 13 kumaliza ekari moja. Kijana wenu atatembea siku ya kwanza kwa furaha. Mwulizeni siku ya nne.

Kununua mashine kabla ya kuujua udongo si kosa la wanyonge peke yao. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, na makao yake ya kwanza yalikuwa Kongwa. Walileta trekta nyingi, baadhi zikiwa zimebaki kutoka vitani. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama saruji. Visiki viliwashinda, majembe yakavunjika, spea zikawa mbali, na mvua hazikutosha. Mradi ulifungwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Wao walikuwa na hazina ya dola nyuma yao. Ninyi mna kitabu cha benki chenye sahihi tatu.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo halimo kwenye karatasi ya bei, nalo ni watu. Trekta ya mtu mmoja ikiharibika, mwenyewe halali usingizi. Ya kikundi ikiharibika, kila mtu anangoja mwenzake. Tumeona trekta ya kikundi ikilala mwaka mzima chini ya mwembe kwa sababu ya kipuri cha bei ndogo, na si kwamba pesa hazikuwepo. Wanachama walikuwa hawazungumzi. Ugomvi ulianza siku ya mvua ya kwanza: nani alimiwe kwanza? Dereva alikuwa mpwa wa mwenyekiti, na shamba la kwanza likawa la mwenyekiti. Shamba la pili mnaweza kukisia.

Kwa hivyo kama mkinunua, zamu ifuate njia ya trekta, si cheo cha mtu. Ianze upande mmoja wa kijiji ikienda shamba baada ya shamba hadi upande wa pili, na msimu ujao ianzie kule ilikoishia. Hivyo mtaokoa dizeli pia. Kila mtu alipe kabla ya kulimiwa, mwanachama na asiye mwanachama. Wanachama mkijipa bei ya huruma mtakuwa mnakula trekta polepole, leo taa, kesho gurudumu. Dereva awe na daftari la saa za injini, ekari, lita na pesa, na mtu mwingine alikague kila jioni. Tena fundi atafutwe kabla ya trekta kununuliwa. Nendeni mumwulize, "Hii aina umewahi kuifungua? Spea zake zinapatikana Machakos mjini au lazima Nairobi?" Akikuna kichwa, nanyi mkune.

Ofisi za kilimo pia zinaweza kusaidia. Wizara ina makao yake Kilimo House, hapa hapa jirani kwenye Cathedral Road, lakini tangu 2013 huduma za kilimo za mashinani ziko chini ya kaunti. Baadhi ya kaunti zina trekta zao za kukodisha kwa bei nafuu. Ulizeni huko kwanza, na muulize pia ni ngapi zinazotembea. Tena msiwadharau ng'ombe. Maksai wawili wamelima Ukambani miaka mingi, wanageuka penye nafasi ndogo, mbolea wanaleta wenyewe, na hawana riba.

Wageni wetu hawakushuka Industrial Area siku ile. Walirudi nyumbani na kazi moja: kupita kila shamba la mwanachama kwa kamba na daftari, kuandika ekari ambazo trekta inaweza kuingia na kutoka. Baada ya wiki tatu mama mweka hazina alitupigia simu. Kati ya zile ekari 50 walizokuwa wakizitaja, walipata 31. Zilizobaki ni matuta, mawe, au njia haipo.

Wameamua kwamba msimu ujao watakodi kwa pamoja. Badala ya kila mtu kumtafuta mwenye trekta kivyake, kikundi kitamwita mara moja na ekari 31 zilizopangwa mfululizo, na pesa za kila mwanachama zikiwa zimekusanywa tayari. Mwenye trekta amekwisha kukubali kupunguza bei, kwa kuwa hatahangaika kutoka kijiji hadi kijiji. Akiba yao iko benki. Mzee bado anataka trekta, na hafichi. Mama mwenyekiti amemwambia alete majina ya watu watakaokodi trela.